Nusu Ukurasa Kwenye Gogo

Shoka la buchani lilitua katikati ya kitabu, vipande vya karatasi vikarukia mizani.

"Mwaka mzima nawatambia wateja kwamba nina daktari," baba yake alisema, "kumbe unasoma hadithi za watoto."

Siri imetoboka. Kwa nje kitabu kilivaa jalada la anatomia, lakini ndani alikuwamo msichana wa miaka kumi na sita mwenye upanga, na Daktari, kama bucha zima lilivyomwita, alikuwa amefika pale patamu, kaka wa msichana anakatwa mkono.

"Baba, nimebakiza kurasa ishirini tu."

"Watakumalizia mbwa."

Akainua shoka tena kwa hasira, mkono wa kushoto bado umekishika kitabu. Shoka likateleza kwenye mafuta ya gogo, likazama kwenye kifundo cha mkono. Damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha dirisha.

Daktari aliruka kaunta. Alimlaza sakafuni, akauinua ule mkono, akabana jeraha kwa kiganja na kuliegemea kwa uzito wake wote. Damu ya moto ikampenya katikati ya vidole, ikapungua.

"Kumbe wamekufundisha," baba alinong'ona, midomo imepauka kama shahamu.

Chuoni walikuwa bado wanakariri majina ya mifupa. Yeye alifuata alivyomfanyia kaka yake yule msichana wa upanga, hatua kwa hatua.

"Halafu sasa, daktari wangu?"

Akatazama juu ya gogo. Ukurasa unaofuata ulikuwa pale, umelowa damu, umebaki nusu.