Biskuti za Kungojea Simu

Mama alitia kidole kwenye bakuli, akaonja, na hapo ndipo alipogundua kwamba ametia sukari mara mbili. Akamwaga vyote, akaosha bakuli, akaanza upya. Siagi. Sukari. Yai. Tone la vanila. Safari hii alikuwa akitaja kwa sauti kila anachotia, asije akachanganyikiwa tena.

"Unaongea na nani humo?" mumewe aliuliza kutoka uani.

"Na siagi."

Mumewe hakucheka. Tangu kulipopambazuka alikuwa ameipindua baiskeli magurudumu juu, anafungua mnyororo na kuufunga, anafungua na kuufunga. Baiskeli yenyewe haikuwa na ubovu wowote.

Binti yao wa pekee alikuwa ameondoka alfajiri kwenda hospitali. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Leo alinyamaza. Alikaa jikoni, akainamia kikombe cha chai, akapiga mafunda mawili na kukisukuma kando. Alikuwa amekonda siku hizi, usingizi wake wa mang'amung'amu. Mama alipomshika mkono, ulikuwa wa baridi.

"Tukusindikize, mwanangu."

"Hapana, mama. Mkikaa pale kwenye benchi nitawawaza nyinyi tu."

"Basi nikupikie nini ukirudi?"

"Zile biskuti laini. Za sukari juu." Akatabasamu kwa shida. "Kama nitarudi na hamu ya kula."

Ndiyo maana mama alikuwa akikanda. Alisukuma donge juu ya meza, akalikata miduara kwa mdomo wa glasi, akaipanga kwenye trei. Miduara mingine ilitoka imepinda. Chiriku alipokuwa mdogo, biskuti zilizovunjika zilikuwa zake: alisimama juu ya kigoda, akaziunga kwa sukari laini, kisha akamkataza mama asizitupe. "Bado inafaa hii," alikuwa akisema, uso ameukaza kama mtu mzima.

Mama aliingiza trei kwenye oveni. Simu ikalia, akairukia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, ameshaingia?"

"Atakuwa ameshaingia."

"Kwani ni moyo wenyewe?"

"Kifua kinafunguliwa, mdogo wangu. Moyo wenyewe."

"Uwiii! Na yule daktari mzee?"

"Ameahidi atasimama naye mwanzo mpaka mwisho."

"Basi tulia, dada."

"Nimetulia," alisema mama, huku akifuta meza ambayo ilikwisha ng'aa.

Alipokata simu, ikalia tena papo hapo. Mumewe aliingia mbio, viganja vimejaa grisi.

"Ni yeye? Ni wao?"

"Ni jirani. Anauliza kama kwetu maji yanatoka."

"Na yanatoka?"

"Hata sijui!"

Hapo ndipo harufu ilipowafikia. Biskuti za aina ile hutolewa zikiwa bado nyeupe, zikamalizie kuiva zenyewe nje. Hizi zilikuwa zimekuwa za kahawia, ngumu kama vigae. Mama aliziangalia, midomo ikamcheza.

"Ni biskuti tu, mke wangu."

"Najua ni biskuti tu!"

Alisukuma donge lililobaki. Safari hii alichuchumaa mbele ya oveni, macho kwenye kioo, hakutaka hata kupepesa. Mumewe alinawa mikono akaja kusimama nyuma yake.

"Tungemwambia angoje," mume alisema. "Mwaka mmoja tu. Apate nguvu kwanza."

"Moyo ule haungoji. Uliwasikia wenyewe walivyosema."

"Bado mdogo yule."

"Kwako wewe atakuwa mdogo mpaka aote mvi."

"Na ikishindikana je?"

Mama hakugeuka. "Neno hilo usilitamke jikoni kwangu."

"Mimi nasema ukweli. Ikishindikana, Chiriku tuliyemlea ndiyo basi tena. Hatutamwona."

Mama alifungua oveni. Zilikuwa nyeupe, zimeumuka kidogo, laini hata zikabonyea kwa pumzi. Alipaswa kuziacha zipoe. Hakuweza. Alichapa siagi na sukari ya unga, akadondoshea rangi ya waridi, akaanza kuzipaka zikiwa za moto. Sukari ikayeyuka, ikachuruzika mpaka mezani.

Mumewe alimpokonya kisu taratibu. "Kaa. Zipoe."

"Nikikaa nitalia."

"Basi lia ukiwa umekaa."

Alikaa. Hakulia. Mumewe alivuta kiti karibu, wakangoja pamoja, mabega yamegusana, wakiziangalia biskuti kama vile zingeweza kusema. Zilipopoa wakapaka kwa zamu, yeye moja, mumewe moja. Za mumewe zilikuwa na madonge, naye mama kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka, kisha akajiziba mdomo kama aliyefanya kosa.

Simu ikalia.

Namba ilikuwa ya hospitali. Mama alirudisha mkono nyuma, hakuweza kuigusa. Mumewe ndiye aliyepokea, akaweka spika, akailaza katikati ya biskuti. Kwanza ilisikika pumzi tu, nzito, ya mtu anayetafuta pa kuanzia. Mama alifumba macho.

"Baba? Mama yupo hapo?" Ilikuwa sauti ya Chiriku, imekauka, inachekacheka na kulia kwa pamoja. "Nimemaliza kumshona mgonjwa wangu wa kwanza. Amefumbua macho sasa hivi, anamwita mama yake."