Karai Jeusi

Asubuhi ya kwanza baada ya harusi, Mwanaidi alilichukua karai jeusi la ukweni, akalisugua kwa mchanga na jivu mpaka likang'aa, kama alivyofunzwa kwao.

Bi Meilan, mama mkwe wake, alipoliona alikaa kwenye kigoda. Babu yake alikuja nalo kutoka China. Weusi ule ulikuwa mafuta ya vizazi vitatu, yaliyoungulia kwenye chuma na kuzuia chakula kisigande. Lilikuwa likisuuzwa kwa maji tu.

"Nimekosea, mama?"

Bi Meilan alipitisha kidole kwenye chuma kitupu. Kisha akalibandika jikoni, akampa mkwewe chupa ya mafuta.

"Babu alishuka nalo melini likiwa hivi hivi," akasema. "Haya, anza wewe."

Mwanaidi akamimina. Moshi ukapanda, na katikati ya karai pakatokea doa dogo la kahawia.