Maikrofoni ya Kaka

Nilipitiliza makusudi pale kaka yangu anapoingia kuimba, gitaa langu likashika njia ya jazi. Kwa albamu tatu za roki ya Kilatini, sauti yake ndiyo iliyoipatia bendi yetu jina, na studio nzima ilijua.

Kaka alikuwa ameshavuta pumzi. Akaitoa polepole, akakunja karatasi ya maneno mara nne.

"Humu sina changu, siyo?"

"Huna, kaka," nikamwambia bila kupepesa macho. "Albamu hii nzima ni vyombo tu."

Mpiga tumba akaacha kupiga, akajifanya anakaza ngozi za ngoma zake.

Kaka akalegeza stendi, akaishusha maikrofoni yake taratibu mpaka ikatazamana na zile tumba.

"Anzeni upya," akasema. "Tumba zilikuwa hazisikiki."