Baba Akila, Sanduku Husema

Hivi wewe umewahi kula huku ukiogopa kusikiwa?

Shekue aliogopa hivyo. Kwa sheria, kila mzazi aliyeachana na mwenziwe alivishwa kikuku mkononi, na kila riziki iliyomfikia, iwe noti au ndizi, kikuku kiliipima na kukata fungu la mtoto. Hapohapo, kule anakoishi mtoto, sanduku la ukutani lilitangaza kwa sauti alichopata. Enzi useremala ukimlipa, Shekue aliipenda sauti ile. Kazi zilipokauka, aibu ikaanza.

Ijumaa moja njaa ilimsukuma hadi kwenye hitima ya watu asiowajua, akafungiwa wali uliobaki. Hajatoka uani, kwa mtalaka wake sanduku likasema mbele ya wanawake waliokuwa wakisukana: "Baba Mwanamkuu amepata makombo ya hitima. Fungu la mtoto, matonge matatu."

"Makombo!" jirani akacheka. "Basi mtoto naye aletewe ukoko!"

Mwanamkuu, bintiye, alisikia yote. Jioni akamfuata baba yake na bakuli la ugali na kisamvu. Shekue alifunika kikuku kwa kiganja, macho chini.

"Rudisha, mwanangu. Nikila, sanduku litatangaza kwamba nalishwa na mtoto."

Binti akanawa, akaketi mkekani, akamega tonge na kumtilia baba yake mkononi. Kikuku kikatetemeka, kimeshaanza kupima.

"Litangaze tu, baba," akasema. "Mimi fungu sikulitaka. Nilitaka tule bakuli moja, kama zamani."