Dakika Kumi za Salha

Kabla ya alfajiri kikombe kiligonga ukuta, kikateleza hadi ukuta wa pili, kikagonga tena. Tangu msuguano uanze kugawiwa kwa dakika, waliozidi miaka sabini hawapewi, na sakafu ya Bi Kidawa haikushika kitu. Alilala amejifunga kitandani kwa kanga, akikisikiliza.

Mjukuu wake Salha akafungua mlango, akabonyeza kipimo cha dakika zake kilichofungwa mkononi. Kikombe kikatulia.

“Inuka, Bibi. Leo nina dakika kumi.”

Bi Kidawa akatembea mwenyewe mpaka jikoni, nyayo zikishika sakafu. Akacheka. “Nitakukunia na nazi!”

“Bibi nawe! Nitachelewa shule.”

Salha alipoinama kuokota kikombe, bibi aliyaona magoti yake yamevimba, yamevilia damu. Kumbe mtoto alikuwa akiteleza na kuanguka njia nzima ya shule, ili dakika zake zibaki.

Salha akamrudisha kitandani, akamfunga tena kanga, polepole, asimbane. Bi Kidawa alikusudia kumwambia asije tena. Mlangoni kipimo kikalia, na kikombe kikaanza kuteleza.

“Kesho utakuja, mama?” Bi Kidawa akamuuliza mjukuu wake.