Winga Asiyepewa Pasi

Henning alikuta viatu vyake vya mpira vimejazwa mkojo. Aliumwaga, akavisuuza bombani, akavivaa vikichuruzika maji. Chumba kizima cha kubadilishia nguo kilikuwa kikimtazama.

"Kawaambie mabwana zako," alisema Wieland, nahodha. "Waambie tumekukojolea."

Msimu wa ligi kuu ya Ujerumani Mashariki ulikuwa haujafika hata katikati, na timu ya Weidau ilikuwa ikicheza watu kumi. Wa kumi na moja alikuwa Henning, winga wa kushoto, aliyekimbia pembeni filimbi hadi filimbi bila kupewa pasi.

Yote yalianzia kwa Eckart, mshambuliaji wao. Watu wa usalama walimchukua mlangoni kwake timu ikijiandaa kwenda kucheza Austria. Alikuwa amepania kubaki huko huko, asirudi, na kutoroka nchi kulikuwa kosa la jela. Kuna mtu alimchongea. Henning ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja safarini, basi Wieland alipomnyooshea kidole, na wengine wakanyoosha vyao.

Henning alikana mara moja tu.

Mezani walimhama. Kwenye basi kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu. Hata mashabiki wa nyumbani walimzomea: "Msaliti! Nenda kachezee polisi!" Mwezi wa pili, mazoezini, Wieland alimrukia kwa kiwiko, akamvunja pua. Kocha aligeuka akatazama bendera ya kona.

Aliyemwinua alikuwa Lothar, golikipa, mtu mzima aliyekuwa akimalizia miaka yake ya mpira.

"Mwacheni," Lothar aliwaambia wenzake. "Mnampiga mtu kwa tetesi."

"Na wewe umeshaanza kumtetea?" aliuliza Wieland.

"Natetea pua ya mtu. Kwani ni kosa?"

Tangu siku hiyo Lothar akawa anakaa naye kwenye basi, akimmegea mkate na soseji. "Kula, bwana. Mtu mwenye mdomo wa kuchoma wenzake hawezi kunyamaza namna hii." Jumapili alimkaribisha nyumbani, na Gisela, mkewe, akamwokea keki ya plamu. Henning alikula vipande vitatu, macho chini, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa sahani.

Machi timu ilipangiwa kwenda Ubelgiji, mechi ya kombe la Ulaya. Siku tatu kabla ya safari, Lothar alimpeleka kwenye bustani yake ya mboga nje ya mji, mahali pasipo na kuta za kusikiliza.

"Nikifika kule sirudi," alisema, akichimbua viazi vilivyosahaulika ardhini. "Twende wote. Hapa hawa watu watakuua, Henning."

"Na Gisela?"

"Tumekubaliana. Atafuata wakimruhusu, hata ikichukua miaka. Kaka yake alishavukia Magharibi zamani, ndiye atakayetungoja na gari nyuma ya hoteli."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu. Ningemwambia nani mwingine? Wale?"

Henning aliinamisha kichwa, akalia. Lothar alimwekea mkono wenye udongo begani, akamwacha alie mpaka atosheke.

Kesho yake Henning hakwenda mazoezini. Alipanda ngazi za nyumba moja nyuma ya kituo cha treni, akabisha mlango usio na jina. Mwanamume aliyevaa kandambili alimfungulia, akamkaribisha kiti, akammiminia kahawa. Kisha akaitazama ile pua iliyopinda.

"Pole sana," alisema. "Wieland nilimwambia akupige, sikumwambia akuvunje. Haya, nani amekuonea huruma?"

"Lothar," alisema Henning.