Fisi na Maji ya Chura

Fisi mwenye tamaa alijaza maelfu ya kuku kwenye mabanda yake, na kinyesi chao chote akakimwaga mtoni.

"Bwana Fisi, wanangu wanakufa kwa maji haya," Bi Chura akamlalamikia.

"Basi hama," Fisi akajibu.

Chura akahamia kwenye chemchemi mlimani. Punde maji ya kisima cha Fisi nayo yakaharibika, na mwanawe akaugua tumbo. Fisi akapanda mlimani kwa aibu kuomba maji. Chura akamjazia mtungi.

Mtoto alipopona, Fisi alirudi kushukuru. "Mbona hukunifukuza, Bi Chura?"

"Mwanao hakuuchafua mto."

Fisi akalia. Akapunguza kuku, kinyesi akakifanya mbolea shambani, na mto ulipotakata akaenda mwenyewe kumwomba jirani yake arudi nyumbani.